Bega la Warsiti

Kila alasiri, utomvu wa minazi ukishaanza kuchemka kuwa sukari, Miarto aliketi mlangoni na ngoma mapajani, akaipasha ngozi kwa joto la jiko, kisha akaijaribu. Pigo moja la kiganja upande mpana, mawili ya vidole upande mwembamba, basi. Alasiri moja alipopiga yale ya vidole, bega la Warsiti likatokea uani, kati ya kamba ya nguo na rundo la kuni. Lilikuwa la kushoto. Likatikisika kama lilivyotikisika siku zote kwa pigo lile, likabaki hewani likingoja jingine.

Warsiti alikuwa ameshazikwa.

Miarto hakushangaa. Katika uchezaji wa lengger, ile dansi ya harusi za bonde lile, mpiga ngoma hamwongozi mchezaji, humfuata. Nyonga ina pigo lake, shingo ina lake, mkono unaotupa mtandio una lake. Miarto aliufuata mwili ule tangu wote wawili wakiwa vijana, mpaka mikono yake ikasahau kupiga kitu kisichokuwepo. Kwa hiyo pigo likilia, kiungo chake kilikuja. Hilo lilieleweka. Kilichomtisha ni kwamba ua wake haukuwa na uzio wa maana, na pale kijijini kila mtu anajua kuwa marehemu hurudi jioni nyumbani kwake mpaka arobaini. Nyumbani kwake, si kwingine.

Akaifunika ngoma kwa gunia, akafunga mlango.

Warsiti alizaliwa mvulana, akaitwa Kasdi. Akishafunga kitambaa kifuani na kuchomeka asumini kwenye shungi alikuwa Warsiti, na harusi za bonde zima zilimgombania. Kwa macho ya watu aliishi kwa dada yake, Suwen, na kwa Miarto alikuja kufanya mazoezi. Mazoezi hayo yalichukua miaka kumi na mitano. Siku ya mazishi Miarto alisimama nyuma kabisa, penye baiskeli, kama mtu aliyekuwa akipita njia.

Tena mwaka ule palikuwa na vijana wa pikipiki, waliojipa kazi ya kukomesha uchezaji huo. Ng'ambo ya mto walivunja marimba za mianzi katikati ya onyesho, wakamnyoa mchezaji mbele ya mama yake. Hakuna aliyewauliza kitu.

Miarto hakuigusa tena ngoma, lakini mikono haikujua kukaa kimya. Akikatakata vitunguu, kisu kilipiga pigo la shingo, na shingo ikaja jikoni na kigwe chake cha shanga. Akigonga upawa ukingoni mwa sufuria, kiuno kilitokea kando ya jiko. Akajifunza kufanya kazi bila mdundo. Alikata, akangoja, akakata. Hata kutembea alitembea ovyo, hatua ndefu, hatua fupi, na usiku alilala amevilalia viganja vyake.

Kuswo, mpiga marimba wao, akaja kumtazama.

"Unakata vitunguu kama unaogopa vitakusema."

"Vinaweza."

Upawa ukateleza, ukagonga sufuria. Kiuno kikaja. Kuswo akasogeza kigoda kukipisha.

"Amekonda," akasema.

"Kiuno tu hicho. Utajuaje amekonda?"

"Yeye mwenyewe angetaka aambiwe amekonda." Kuswo akala kipande cha tempe, soya iliyochachushwa na kukaangwa, akapangusa vidole. "Dada Suwen anamngoja kwake kila jioni. Kamwekea kahawa nyeusi na sigara za karafuu. Haji."

"Kahawa humchoma kifua. Anakunywa chai, sukari nyingi."

"Basi kamwambie."

"Nikamwambie kama nani?"

Kuswo aliangalia meza, ambako palikuwa na glasi mbili za chai. Tangu msiba, Miarto alikuwa akikosea hivyo kila siku.

Arobaini ikafika. Pale kijijini, dua ikiisha, mtu aliyeishi na marehemu hufungua mlango na kusema: nyumba imekuachilia, nenda. Suwen alifungua mlango wake, akayasema maneno vizuri, kwa sauti. Hakutoka mtu, kwa sababu hakuwa ameingia mtu. Kahawa ilikuwa imejaa vilevile. Wageni wakatazama vifurushi vyao vya wali. Kisha mmoja akasimama, na wote wakaondoka na vifurushi vyao kwenda kwa Miarto, jua likiwa bado juu ya minazi. Vijana watatu wa pikipiki walifuata nyuma, wamezima injini, wakisukuma.

"Piga," akasema mwenyekiti wa kijiji. "Tumwone, tumalize."

Miarto akaifunua ngoma. Akapiga, na kwa kuwa mikono ilitetemeka, Warsiti akaja akitetemeka, mabega, shingo, nyonga, mtandio, mzima mzima, ana asumini kichwani, amesimama katikati ya ua kama mtu aliyemwagiwa maji baridi. Watu wakarudi nyuma kidogo ili wasimkanyagie mtandio.

"Mdogo wangu," akasema Suwen. "Nimekuwekea suruali yako mpya."

Warsiti hakugeuka. Alimtazama mpiga ngoma, kama mchezaji anavyofanya.

"Sikia, Miarto," mwenyekiti akasema polepole. "Wewe sema alikuja kufanya mazoezi. Dada yake atayasema maneno tena hapahapa, kila mtu aende zake. Kaburini ataandikwa Kasdi, hakuoa. Hilo halibadiliki, useme usiseme."

"Kaka Miarto, nakuomba," akasema Suwen. "Ninao mabinti wa kuoza."

Kijana mmoja akaegesha pikipiki, akachagua gogo kwenye rundo la kuni. Alilipima uzito mkononi. Mwenzake alikuwa bado anakula wali.

"Mzee, huyo ni nani kwako?" akauliza mwenye gogo.

Miarto alijua kwamba akisema mazoezi, maneno ya Suwen yatarudiwa, na Warsiti atabaki pale, maana si aliyeishi naye atakayekuwa ameyasema. Atabaki vipande vipande, kila kisu kikigusa ubao. Alijua pia gogo lile ni la mnazi, zito.

Akaweka ngoma chini. Mikono mitupu, akasimama mlangoni, akaufungua hadi mwisho, mpaka kitanda kikaonekana.

"Ni wangu," akasema. "Alilala hapa. Miaka yote alilala hapa, na mimi wake." Sauti ikakatika, akaitafuta tena. "Warsiti, nyumba imekuachilia. Nenda. Mimi sijakuachilia."