Mstari wa Ndiyo

Mimi ndiye niliyehesabu, kwa hiyo mtu asije kunieleza watu wa huku Kinyala walikuwa wanafikiri nini. Najua walichofikiri. Nilipita kwa wanachama wote mia moja arobaini na tatu, nyumba kwa nyumba, kwa miguu, mwezi wa tatu, mvua haijui kupumzika, daftari nimelifunga kwenye mfuko wa nailoni lisilowe. Kila nyumba nilikaribishwa, nikapewa kigoda, nikapewa na ndizi za kuchemsha. Nilikula ndizi mwezi ule mpaka nikakinai.

Chama chetu cha msingi cha wakulima wa chai, jina sitalitaja, kinachagua viongozi kwa mstari. Wagombea wanasimama uwanjani, na wewe mwanachama unakwenda kusimama nyuma ya unayemtaka. Mchana kweupe. Jirani anakuona, shemeji anakuona, na yule uliyemkataa anakuona vizuri kuliko wote. Ndivyo Andongwisye alivyokalia uenyekiti miaka kumi na minne. Mwenyekiti ndiye anayemweka karani wa banda la kupimia majani, na karani ndiye anayesema majani ya nani yapande lori la kiwandani na ya nani yamekomaa mno, hayafai. Lori likiondoka bila majani yako, kesho yake yamekuwa meusi, unayamwaga. Kwa hiyo watu walijua pa kusimama.

Mwaka jana wanachama wachache wakaleta hoja tuachane na mstari, tupige kura ya siri, karatasi na sanduku. Afisa ushirika akasema sawa, fanyeni kura ya maoni, wanachama wote waamue. Na kabla ya hapo mtu apite nyumba kwa nyumba kusikia watu wanasemaje. Wakanichukua mimi, Tulia, kwa sababu nimesoma mpaka kidato cha sita na shamba la marehemu baba limenifanya mwanachama. Andongwisye hakupinga hata kidogo. Hilo peke yake lilitakiwa kunishtua, lakini mimi nilikuwa nimevimba kichwa na daftari langu.

Maoni ya watu, jamani! Hellen, kiongozi wa kwaya, aliniambia mbele ya mumewe kwamba yeye hana maoni. Halafu akanisindikiza mpaka katikati ya migomba, na huko maoni yakamjia yote kwa pamoja. Erasto, jirani yetu wa bondeni, mwanaume wa miraba minne, alizima redio, akafunga dirisha, akaninong'oneza kama mtu anayeungama: "Andika ndiyo. Tena andika mara mbili." Nilimwambia kila mtu anaandikwa mara moja. Akasema basi ile moja niikoleze wino.

Nilipomaliza nilikuwa na watu mia moja kumi na saba wanaotaka kura ya siri. Mia moja kumi na saba kati ya mia moja arobaini na tatu! Nilijumlisha mara tatu.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya mama Esnath. Mumewe, mzee Yohane, alikuwa amepooza upande mmoja tangu Krismasi, amelala chumba cha ndani, unasikia pumzi zake ukiwa sebuleni. Watoto wao wawili walishatangulia mbele za haki. Mama Esnath alikuwa anamenya ndizi, akanisikiliza bila kunikatisha, halafu akauliza:

"Na hiyo kura ya kuamua mambo ya siri, tutaipigaje?"

"Kwa mstari, mama. Masharti ya chama yanasema mabadiliko yoyote yanapigiwa kura kwa utaratibu uliopo."

Alicheka mpaka akaweka kisu chini. "Gwe Tulia! Yaani nikasimame hadharani kusema kwamba naogopa kusimama hadharani?"

Nikacheka na mimi, mjinga mimi. Nilikuwa nimeyasoma yale masharti mara ngapi, na sikuwa nimeona.

Halafu akaacha kucheka. Akaangalia mlango wa chumba cha ndani. "Mzee wangu anaondoka, mwanangu. Siku zake zinahesabika, hata mganga mkuu kule Tukuyu ameniambia nimpumzishe nyumbani tu. Mimi nataka karatasi na sanduku, nimechoka kuonewa kwenye lile banda. Lakini nikisimama peke yangu watanitenga. Na akifa nikiwa nimetengwa, nani atamchimbia kaburi?"

Asiyetoka huku anaweza kudhani ni maneno ya kizee. Kwetu msiba ni wa kijiji. Kilio kikisikika, wanaume wanachukua majembe bila kuulizana, wanawake wanabeba kuni na unga na mikungu ya ndizi, na mtu ambaye hakuzikwa na watu anasimuliwa vizazi na vizazi. Unaweza kukosa kila kitu hapa ukaishi. Ukikosa watu wa kukuzika, bora usingezaliwa.

Sikutakiwa kumtajia mtu yeyote hesabu yangu kabla ya siku. Nilikula kiapo kabisa mbele ya afisa ushirika. Lakini nilimwona yule mama na wasiwasi wake, nikafungua daftari, nikamwandika na yeye, nikamwonyesha jumla.

"Hutakuwa peke yako, mama. Mtakuwa mia na kumi na saba. Watawatenga wote? Watabaki na nani?"

Aliitazama ile namba. "Una hakika?"

"Nimewasikia kwa masikio yangu."

"Basi nitasimama," alisema. "Ndaga, asante mwanangu. Umenitua mzigo."

Siku ya kura tulikutana uwanja wa mpira. Manyunyu yanatuangukia, ukungu umeufunika mlima Rungwe wote. Walikuwa wamechomeka miti miwili, mmoja una kibao cha NDIYO, mwingine HAPANA. Afisa ushirika akasoma swali: mnataka kura ya siri? Wanaotaka wapange mstari kwenye ndiyo, wasiotaka kwenye hapana. Hajamaliza kukunja karatasi, Andongwisye ameshafungua mwavuli wake mkubwa na kwenda kusimama kwenye mti wa hapana, mbele kabisa, ametugeuzia uso anatabasamu. Pembeni yake Lugano, karani wa banda, mikono mifukoni. Hakuwa na kalamu wala karatasi. Lugano hahitaji kuandika.

Mama Esnath akatoka. Alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani. Alivuka uwanja taratibu, akasimama kwenye mti wa ndiyo, akageuka kuwasubiri wenzake.

Hakuna aliyekwenda.

Nasema hakuna. Watu walikuwa wanaangalia viatu vyao. Erasto aliinua mguu, nilimwona, akaushusha palepale. Mwalimu Fred alipiga hatua mbili nzima na mkewe akamdaka koti kwa nyuma. Kisha mtu mmoja akaenda upande wa hapana, na wa pili, na baada ya hapo wakaenda kama kuku waliomwagiwa mtama, wanasukumana, mtu hataki kuonekana amechelewa. Hellen aliwahi nafasi ya saba. Na mimi nilikuwa nimesimama katikati na daftari langu lenye maoni ya watu wote, najua ya kila mmoja, nimejawa na hasira nataka kupiga kelele niwataje kwa majina.

"Karani wetu wa maoni," akaniita Andongwisye kwa upole kabisa, "na wewe si mwanachama? Mbona unalowa?"

Mama yangu, Prisca, alikuwa ameshaingia kwenye mstari wa hapana. Akasogea kunipa nafasi. "Njoo, mwanangu," akasema. "Njoo." Macho yake yalikuwa yananiomba.

Nilimtazama mama Esnath. Hatua kumi na tano, hazizidi. Kusema kweli miguu haikukataa, wala sikusukumwa, wala sikuzimia. Nilifikiria chai yetu, nikafikiria mama, nikaenda kusimama kwenye hapana. Hiyo ndiyo habari yenyewe na sina namna nyingine ya kuisema.

"Ndiyo, moja," akatangaza afisa. "Hapana, mia moja arobaini na mbili."

"Wengi wape!" akasema Andongwisye, na watu wakapiga makofi. Mama Esnath alibaki pale kwenye mti mpaka makofi yakaisha, kwa sababu nadhani hakujua aende wapi. Alipopita karibu yangu hakuniambia neno. Laiti angenitukana.

Hakuna kikao kilichokaa kumtenga. Hayo mambo hayana kikao. Jumatatu majani yake yalikuwa yamekomaa. Jumatano yalikuwa yameloa mno. Ijumaa lori lilijaa zamu ilipofika kwake tu. Kanisani benchi lake likawa na nafasi kubwa. Nilipokutana na watu njiani walinieleza, wenyewe, bila kuulizwa, kwamba yule mama ana kiburi, alitaka kujionyesha. Watu walewale! Nikimkumbusha mtu alichoniambia migombani, ananitazama kana kwamba nimemvua nguo.

Wiki ya tatu, jioni, tukasikia kilio. Sauti yake peke yake, inapanda kutoka bondeni. Mzee Yohane amefariki. Mama yangu alisimama, akachukua ungo wa unga, akabaki ameushika mikononi. Tulikaa tunasikiliza kama kuna mlango unafunguliwa popote, kama kuna mtu anaitika. Mama akaurudisha ungo juu ya meza. Akafunga mlango, akasema mvua inaingia. Mvua haikuwa inanyesha.

Kulipopambazuka nikachukua jembe. Mama aliniona nikitoka. Nilikwenda kwa njia ya chini, ya mtoni, na najua kwa nini nilichagua ile.

Nikakuta watu wanachimba. Jaffari, yule mfanyabiashara wa Tukuyu anayekuja kununua ndizi za mama Esnath, na mdogo wake Abdulkarimu, na vijana wawili wapakiaji wa gari lake. Hadijah, mkewe, yuko jikoni anakoka moto. Si wakulima wa chai hao, si wanachama, si wa kanisa lake, wala si wa ukoo. Kaburi lilikuwa limefika kiunoni. Jaffari akaniamkia, akanisogezea nafasi. Nikaingia shimoni nikachimba nao. Udongo ulikuwa mzito, nikatapakaa tope mpaka kwenye nywele, na kwa mara ya kwanza tangu ile siku nilijisikia ni mtu.

Mama Esnath akatoka ndani. Alisimama ukingoni, akanitazama, akainama akashika mpini wa jembe langu. Hakulivuta kwa nguvu.

"Ndaga, mwanangu," akasema. "Inatosha. Nenda nyumbani."

"Mama, nisamehe. Niache nimalize."

"Nenda. Wasije wakakuona. Una mama yako."

Hakuwa na hasira hata chembe. Alinionea huruma, ndivyo ilivyokuwa, siku anayomzika mumewe. Nilitakiwa kubaki. Mtu yeyote mwenye akili timamu angebaki. Nikatoka shimoni nikashika njia.

Nyumbani kwa Erasto nilimkuta nje, amevaa koti la msibani na kofia, jembe begani. Alikuwa anachungulia njia huku na huku. Viatu vyake vilikuwa vikavu. Aliponiona akashuka mpaka kwenye ua, akapunguza sauti.

"Tulia. Eti watu wameanza kwenda?"

Tope la kaburi lilikuwa bado linanidondoka mikononi, lakini huku mtu mwenye tope asubuhi anadhaniwa ametoka shambani tu. Kama ningesema ndiyo, angekwenda. Namjua, alihitaji mmoja tu wa kumtangulia, na nyuma yake wangekwenda wengine. Lakini angeuliza ni nani aliyekwenda, na mchana angemwambia mtu.

"Bado," nikasema.

Erasto akashukuru, akalirudisha jembe ndani.