Bassou, Dubwana na Mkate

Mume wangu Bassou alikimbia kwenye filamu miaka ishirini na miwili, na sura yake haikuonekana hata mara moja. Hapa Ouarzazate, mji wa Morocco wanakopigia filamu, karibu kila nyumba ina mtu wa kukimbia. Wewe ni umati: unaogopa, unapiga mayowe, unakwenda kula.

Mara ya mwisho ilikuwa filamu ya shujaa anayepaa, na Bassou alichaguliwa. Dubwana likivamia soko, shujaa angemnyakua yeye, uso wake ujae kwenye skrini. Wiki nzima alifanya mazoezi ya kushangaa mbele ya kioo.

"Baba Tuda," nikamwambia, "unafanana na mbuzi aliyesikia kisu kikinolewa."

Siku hiyo nami nilikuwemo, na kikapu changu. Dubwana lenyewe, kabla ya kuchorwa kwa kompyuta, lilikuwa mpira wa kijani juu ya ufito mrefu, aliyeushika akitafuna mbegu za alizeti. Watu mia mbili tuliuogopa mpira ule mpaka ukaota meno.

Tatizo lilikuwa mkate. Meza ilipinduliwa, mikate ikatapakaa, na watu wanaokimbia kifo wakaanza kurukaruka kama wanavuka mifereji. Wengine waliinama, wakaokota, wakabusu, wakaweka juu ya ukuta, maana kwetu mkate haukanyagwi.

"Kata!" Ghizlane, msaidizi wa mwongozaji, alishika kipaza sauti. "Jamani, mnaliwa! Nani anaokota mkate huku analiwa?"

"Aliyelelewa," mama mmoja akajibu.

Wakaleta mikate ya sponji. Tukairuka vilevile.

Jua likaanza kushuka. Ghizlane akamfuata Bassou. "Mzee wangu, imebaki mara moja tu. Simama kwenye alama, tazama juu. Chini hakukuhusu."

"Nimekuelewa, binti yangu."

Alikimbia vizuri, akafika kwenye alama. Hapo mkate mmoja wa kweli, uliosahaulika, ukabingirika mpaka kwenye ndara zake. Nilimwona akishindana nao. Kisha akainama. Shujaa akashuka na kamba zake, akamnyakua aliyekuwa karibu: jirani yetu Hammou, ambaye hakuwa amefanya mazoezi yoyote.

Filamu ilipotoka, uso wa Hammou ulikuwa mkubwa kama mlango.

"Ungefunga hata mdomo," Bassou alimwambia. "Dunia nzima imehesabu meno yako, na hayafiki matano."

Nyuma ya Hammou, mdogo kama dengu, mume wangu ananyooka akibusu mkate ili auweke dirishani, ametuelekea sisi. Lakini mafundi wa kompyuta walimwaga vumbi la dubwana pale pale, mkate ukafutika. Anaonekana mzee anayebusu kiganja chake huku meno marefu kama minara yakimjia.

Bassou alicheka mpaka akakohoa. "Watu wa ng'ambo watasema nina wazimu!"

Alifariki msimu wa tende. Huwa naisimamisha filamu hapo. Wajukuu huuliza babu anabusu nini.

"Mkono uacheni," nawaambia. "Tazameni uso."