Usizime

Diski ya kwanza ilitupa mkono saa mbili na dakika tano asubuhi, fundi akiwa hata koti hajavua. Hakushtuka. Diski hufa, ndiyo maana mle ndani ya kabati la mashine ziliwekwa nne, zikapangwa kwa namna ya kubebana: ikianguka moja, tatu zilizobaki zinachukua mzigo wake na kituo cha redio kinaendelea kutangaza. Akaenda zake stoo kuchukua ya akiba. Aliporudi, taa nyekundu zilikuwa mbili. Akiwa bado ameduwaa pale, ikawaka ya tatu.

"Jamani!" alisema. "Hata kusubiriana hamna?"

Akakaa sakafuni, mgongo ukutani, na diski ya akiba mapajani. Alikuwa hoi na siku haijaanza. Kilichomchosha zaidi ni kwamba alijua kilichotokea, wala hakuhitaji kutafuta.

Miezi minane nyuma, kiwanda kilichotengeneza diski zile kilileta barua. Ndani ya kila diski mna programu ndogo inayoiendesha, na programu hiyo ilikuwa na kasoro. Inahesabu saa ambazo diski imekuwa kazini. Zikifika elfu arobaini inachanganyikiwa, diski inajifunga, na haifunguki tena. Dawa ipo, barua ilisema. Zima mashine, weka programu mpya, washa. Nusu saa tu.

Zima mashine. Hapo sasa!

Kwenye mlango wa kabati palibandikwa karatasi iliyoanza kugeuka manjano, yenye neno moja la kalamu nene: USIZIME. Ulikuwa mwandiko wa baba yake. Mzee huyo alitangaza pale miaka thelathini na mmoja, kipindi cha saa kumi alasiri, mpaka wasikilizaji wakambatiza Mzee wa Saa Kumi. Hakuruhusu kitu kizimwe, hata feni. "Redio haizimwi," alikuwa akisema. "Watu watadhani tumekufa." Nyumbani mambo yalikuwa yale yale. Redio ya sebuleni iliongea usiku na mchana, umeme ukikatika inatiwa betri, na marehemu mkewe alilalamika mpaka akanyamaza mwenyewe.

Diski nne zilifika katika boksi moja, na baba na binti waliziwasha pamoja, dakika ile ile, wakapeana mikono kwa furaha. Hakuna aliyewaza kwamba zilizozaliwa pamoja zitazeeka pamoja. Mwaka mzima mzee alihamishia humo kanda za vipindi vyake, moja moja, akazisikiliza zote, kisha kanda zikatupwa ili stoo igeuzwe studio. Ilipomaliza kuhamishwa ya mwisho, kiharusi kikamchukulia mkono wa kulia na sauti yake yote. Tangu hapo kituo kilirudia kipindi chake kimoja kila siku saa kumi, naye alikaa kitini kujisikiliza. Hakuwa amebakiwa na sauti nyingine.

Fundi alipopata ile barua, alimwendea bosi akaomba nusu saa ya kuzima, na mashine ya pili ya kuweka nakala.

"Nusu saa chukua," bosi alimwambia. "Lakini nakala ya nini? Si una diski nne? Unataka ngapi tena, mama?"

"Zile si nakala, bosi. Ni kitu kimoja kimegawanywa vipande."

"Basi tutaangalia."

Hakuangalia mtu. Ila ile nusu saa alipewa, na hilo hakuweza kumsukumia bosi. Mara tatu alikwenda kabatini na programu mpya mkononi, mara tatu akasoma mwandiko wa baba yake, na mara tatu akasema wiki ijayo.

Akapiga simu kiwandani. Mtu wa huko alikuwa na adabu zake zote. "Pole sana, dada. Zikishajifunga hazifufuki."

"Ya nne ni nzima. Niliibadilisha mwaka jana, bado changa."

"Peke yake haikusaidii kitu. Nenda nayo popote, hupati hata neno moja kamili."

Alijua hilo pia. Alitaka tu kulisikia kwa mwingine. Akaibandua ile karatasi mlangoni, akaikunja, akaitia mkobani, akaondoka.

Saa kumi kasorobo alimkuta baba yake nyumbani, kitini mbele ya redio, shati limepigwa pasi kama mtu anayekwenda kazini.

"Shikamoo, baba."

Mzee akainua mkono wa kushoto. Fundi alikuwa amepanga maneno njia nzima, na yote yakamkimbia.

"Baba, diski zimekufa. Vipindi vyako vyote vimekwenda. Ni mimi. Niliambiwa nizime mashine nusu saa, sikuzima."

Mzee akaashiria kalamu na karatasi. Fundi akampa. Kwa mkono ule wa kushoto, herufi zikipanda na kushuka, akaandika: KWA NINI?

"Nilisahau, baba."

Mzee akatikisa kichwa. Huyu mtoto hajawahi kusahau kitu tangu alipoanza kutembea, na wote wawili walilijua hilo. Machozi yakamtoka fundi. Akapekua mkoba kutafuta kitambaa, na karatasi ya manjano ikadondoka kwenye magoti ya baba yake.

Alikuwa mwepesi kuikamata, lakini mzee aliwahi. Akaifungua. Akasoma neno lake mwenyewe, akaendelea kulitazama kama lina mistari mingi.

"Si kosa lako, baba," fundi alisema. "Wallahi si lako. Mkono ulioshindwa kuzima ulikuwa wangu."

Saa kumi ikagonga. Redio ikapiga muziki wa kufungulia kipindi, ule ule wa miaka yote, uliobaki kwenye kompyuta ya studio, kisha pale ambapo angesalimia wasikilizaji ukaingia wimbo wa kujazia tu.

Mzee akajiinua. Fundi akakimbilia kumshika, naye akamwegemea begani, wakaenda hatua tatu mpaka mezani. Akanyoosha mkono wa kushoto, akaizima redio.

Kwa mara ya kwanza maishani mwake, fundi akasikia bomba la jikoni likidondosha maji.