Mkeka Barabarani

Kaka yetu Ionatana hakuwa amemaliza siku mbili chumba cha maiti, na kaka mkubwa, Aumua, alikwisha kumchimbia kaburi nyumbani kwake mwenyewe.

Nilijua kwa nini. Kwetu kisiwani Savaii ardhi ni ya ukoo, haina hati. Watu wakigombea kiwanja, mahakama huangalia nani kazikwa mbele ya nyumba. Kama Ionatana angelala kwa Aumua, nyumba yake mwenyewe ingebaki bila kaburi, na mjane wake Fetuao, aliyeolewa kutoka kijiji kingine, angeambiwa afungashe vitu arudi kwao. Aumua ndiye mkuu wa ukoo, na ana mwana anayerudi kutoka Auckland anayetaka pa kukaa.

Hospitalini karani alisema anayetia saini ni mke. Fetuao akatia. Karani akauliza atazikwa wapi.

"Mbele ya nyumba yangu."

"Yako?" Aumua akasema. "Wewe ni wa kuja, shemeji."

"Wa kuja ndiye aliyemwogesha mdogo wako tangu alipoanguka. Wewe ulikuwa unakuja Krismasi, kufuata nguruwe."

Watu wa foleni walisikia. Mkuu wa ukoo haambiwi hivyo, hata kama ni kweli, na ilikuwa kweli.

"Kwa neno hilo utatoka kijijini," Aumua akamwambia. Fetuao akageuka, akatoka. Akapanda basi, akatutangulia.

Tukapakia jeneza kwenye pikapu yangu. Cheti cha karani kilitaja mbele ya nyumba ya Fetuao, lakini karatasi ya hospitali haishiki koleo.

"Unapita kwake bila kusimama," Aumua akasema.

"Ni mume wake aliye huko nyuma."

"Wewe Vaea, kazi yako usukani."

Nikaendesha. Tulipokata kona ya kanisa nikakanyaga breki, jeneza likagonga nyuma ya kiti.

Katikati ya barabara, mbele ya nyumba ya Ionatana, watu watatu walikuwa wamepiga magoti, wamejifunika mkeka mmoja mwororo, ule wa heshima. Zilionekana nyayo tu: za Fetuao na za mabinti zake wawili, zimejaa udongo.

Mkosaji kwetu huomba msamaha hivyo. Aliyekosewa akifunua mkeka, amesamehe, na hakuna tena wa kulitaja kosa. Asipofunua, wanakaa pale pale, hata wazimie. Zamani waliweza kuuawa.

"Zunguka," Aumua akasema.

"Kuna mtaro."

"Piga honi, basi."

"Siwapigii honi watu walio chini ya mkeka."

"Nani mkubwa hapa?"

"Wewe. Ndiyo maana wamekupigia magoti wewe, siyo mimi."

Nikazima injini, nikauweka ufunguo mfukoni. Aliutazama mfuko wangu, nikadhani atanipiga. Nyumba zetu hazina kuta. Kijiji kizima kilikuwa kimekaa kinatutazama. Jua lilikuwa kali. Chini ya mkeka, mmoja wa mabinti alianza kuyumba, mkono ukamvuta akae sawa.

"Mkeka ule ni wa mama," Aumua akasema polepole.

"Alimpa Fetuao siku ya harusi."

"Najua alimpa nani."

Alijua na lingine. Hawezi kusamehe nusu. Akilifuta tusi, amefuta na amri yake ya kumtoa kijijini, na neno la mjane mbele ya karani kuhusu kaburi linabaki limesimama. Asipolifuta, atauruka mkeka wa mama yake akiwa na maiti ya mdogo wake nyuma.

Akashuka. Alisimama juu yao, mikono nyuma, na mimi sikujua angefanya nini. Kisha akainama, akaufunua mkeka, akaukunja vizuri.

Fetuao hakuinua uso. "Nilikosa, mzee."

"Ulikosa." Akalitazama shimo lililokuwa mbele ya nyumba. "Nani kachimba?"

"Sisi watatu."

"Inaonekana. Ionatana alikuwa mrefu, mnataka alale amekunja magoti?" Akavua shati. "Vaea, lete koleo."

Lile shimo la kwake tulilifukia kesho yake, akapanda magimbi. Fetuao bado yuko kwenye nyumba ile. Huanika nguo juu ya saruji ya kaburi, na Aumua akipita lazima aseme jambo kuhusu nguo.