Walipompongeza Yudelka

Doña Fredesvinda alikuwa fundi cherehani katika mji wa San Pedro de Macorís, na binti yake Yudelka ndiye aliyepokea wateja. Yudelka alikuwa amerudi kwa mama yake baada ya mumewe kufa kwa ajali ya pikipiki. Alilia chooni, akala jikoni: wali, maharage, ndizi za kukaanga, hata ukoko wa chini ya sufuria. Mwaka haukuisha, nguo zake zote zikawa zinambana.

Mama yake aliona dawa ni kumtania.

"Jamani, mpisheni bonge wangu asije akatubomolea mlango!" alisema mbele ya wateja, nao wakaangua kicheko. Yudelka naye alicheka, maana kucheka alikuweza.

Kisha akaanza kupungua. Kwanza aliacha chakula cha jioni, halafu akawa anashinda na kahawa tu, akisema ameshiba. Doña Fredesvinda alifurahi mno. Binamu yake Yudelka alikuwa anaolewa, na gauni la kijani la Yudelka la kuvaa harusini likawa kila mara linataka kubanwa upya. Mama alipochomeka pini, vidole vyake viligusa mbavu za mwanawe, naye akazidi kushangilia.

"Shoga, hebu njoo umwone!" alimwita jirani yake, Leocadia. "Utasema hajawahi kuolewa!"

"Makubwa! Mwenzetu umetumia nini? Tupe na sisi siri."

"Sina siri," alisema Yudelka. "Sisikii njaa tu."

"Una bahati wewe!"

Siku chache kabla ya harusi, Yudelka aliyekuwa amesimama mbele ya kioo alisema, "Mama, siku hizi naamka sioni hata kwa nini nimeamka."

"Simama wima," alijibu mama, pini zikiwa mdomoni. "Nitakuchoma."

Kanisani, maharusi walipokuwa wakivishana pete, Yudelka alianguka. Hospitalini, daktari alimpima Yudelka, akaongea naye kidogo, kisha akamuuliza mama yake binti ameanza kuugua lini.

"Haumwi, daktari," alisema Doña Fredesvinda. "Zamani ndiyo alikuwa mnene. Sasa amepona."

Daktari alivuta kiti akaketi karibu naye. "Mama, mwanao ana huzuni iliyokwisha kuwa ugonjwa. Ndiyo iliyomlisha vile, na ndiyo iliyomkatisha kula. Hakuna aliyemuuliza ana nini?"

Yudelka alifumbua macho. Sauti yake ilikuwa ndogo, haina hasira.

"Nilipokuwa nakula mlinicheka, Mama. Nilipoacha mkanipigia makofi."

Alipotoka hospitali hakurudi nyumbani. Alikwenda kwa shangazi yake katika mji wa Higüey, akawa anatibiwa huko na kumeza dawa kila asubuhi. Dawa zilimrudishia mwili, na kidogo kidogo zikamrudishia usingizi.

Jumapili moja mama yake alimfuata. Alisimama mlangoni, akatafuta neno la kumsalimu. Maneno yote aliyozoea kumpokea nayo yalikuwa ya mwili: umenenepa, umepungua, umependeza. Aliyaacha yote, akakaa.

"Unalala, mwanangu?"

"Siku nyingine nalala."

"Rudi nyumbani. Sitasema kitu, naapa."

"Najua hutasema, Mama," alisema Yudelka akimmiminia kahawa. "Lakini utanitazama."

Doña Fredesvinda aliinamisha macho sakafuni, akanywa kahawa yake hivyo hivyo mpaka ikaisha.