Ubah na Mikono Yake

Wazo lile lilimjia Ubah mara ya kwanza akiwa uani, akichota maji. Tangi lao lilichimbwa ardhini na kujengwa kwa simiti, mdomo wake ukafunikwa kwa bati. Alikuwa ameliondoa bati, ndoo imeshuka, na binti yake Ilhan, mtoto wa wiki saba, amelala begani. Ndipo akajiona akimwachilia. Hakusikia sauti ya mtu. Aliona tu, wazi kabisa, mikono yake ikifunguka na mtoto akizama. Akamkumbatia kwa nguvu hadi Ilhan akalia. Ndoo akaiacha humo humo, akakimbilia ndani na kufunga mlango kwa komeo.

Hakumwambia mtu. Mumewe, Gabow, alikuwa Nuu akinunua mbuzi, na alipopiga simu kuuliza kama mtoto ananyonya, Ubah alijibu kwamba ananyonya vizuri. Angemwambia nini zaidi? Watamnyang'anya mtoto, aliwaza, kisha wamfungie mahali. Akaacha kwenda uani. Akakificha kisu cha jikoni chini ya gunia la mchele. Akaacha kumwogesha Ilhan kwenye beseni, akawa anampangusa tu kwa kitambaa. Mtoto alipolala, yeye alikaa macho, akiiangalia mikono yake kama ya mtu mwingine.

Siku ya kumi na moja, asubuhi, alimpeleka Ilhan kwa Mumbua, jirani aliyeuza pojo na mahindi kwenye duka lililopakana na nyumba yao. Alimwachia na mfuko, akasema anarudi sasa hivi. Mumbua alipoufungua mfuko alikuta nguo zote za mtoto, maziwa ya kopo, na kadi ya kliniki. Mama anayekwenda sokoni na kurudi haachi kadi ya kliniki. Akampigia simu Kanyiva, waliyesali naye kanisa moja.

Kanyiva alikuwa afisa wa ustawi wa jamii hospitalini, upande wa wagonjwa wa akili. Mwaka uliopita alikuwa amechelewa kumfikia mama mmoja huko Zombe, na kile alichokikuta hakuwahi kukisimulia nyumbani kwake. Alitoka ofisini bila kufunga mlango. Mumbua alikuwa amemwambia kwamba mama yake Ubah yuko Garissa, kwa hiyo akaenda moja kwa moja mahali malori ya kwenda huko yanaposimama. Dereva mmoja alimwambia amemkataa mwanamke aliyekuwa akilia, aliyetaka kubebwa aende popote. Akamwonyesha upande alioelekea.

Alimkuta ameketi kwenye kokoto ukingoni mwa barabara, karibu sana na lami. Kila lori lililopita liliupeperusha mtandio wake. Kanyiva alitaka kukimbia amshike, lakini aliogopa kwamba akimshtua atajirusha barabarani. Akatembea polepole, akaketi hatua tatu kutoka kwake.

"Mama Ilhan," alisema, "mtoto yuko kwa Mumbua. Amelala."

"Usiniambie nirudi. Nikiwa mbali, yuko hai."

Kanyiva alisubiri lori lipite. "Unaogopa utamdhuru?"

Ubah akageuka. Hakuna mtu aliyekuwa amelitamka jambo hilo mbele yake.

"Naona mikono yangu ikimtupa kwenye tangi," alisema. "Sitaki, dada. Naona tu. Kila siku naona."

Kanyiva alimuuliza pia, waziwazi, kama anataka kufa. Ubah akasema kwamba tangu aketi hapo amekuwa akiyahesabu malori. Kanyiva akasogea, akamshika mkono. Hakumdanganya. Alimwambia kwamba leo mtu mwingine atamshika mtoto, ila yeye mwenyewe atamwona kabla jua halijatua. Walikaa muda mrefu. Walipoinuka, waliinuka pamoja.

Hospitalini daktari alieleza kwamba ni ugonjwa unaowapata baadhi ya akina mama baada ya kujifungua, na una dawa. Gabow, aliyepigiwa simu na Mumbua, alifika alasiri, vumbi la Nuu bado miguuni. Alitaka mtoto apelekwe kwa dada yake siku hiyo hiyo. Kanyiva alimketisha, akamweleza kwamba mkewe hakumtupa mtoto. Alimkimbia ili amwokoe. Gabow alijifunika uso kwa viganja.

"Kama ungekuwa wewe," aliuliza mwishowe, "ungemwachia mtoto?"

"Peke yake, leo, hapana. Nikiwa kando yake, ndiyo."

Aliyasema hayo kwa sauti imara, lakini alijua kwamba akikosea, kosa litakuwa lake. Jioni hiyo Mumbua alimleta Ilhan wadini. Ubah alirudi nyuma hadi mgongo ukagusa ukuta. Kanyiva akamkalisha kitandani, akakaa naye bega kwa bega, akamweka mtoto katikati yao huku mkono wake mwenyewe ukiwa chini ya kichwa cha Ilhan. Mtoto alitafuta titi, akanyonya. Ubah alimshika mwanzo hadi mwisho, hakumwachilia.

Alilazwa wiki tatu. Mjomba wa Gabow alikuja kumsomea Kurani, na Kanyiva alihakikisha kwamba hata siku hizo dawa zinamezwa. Ubah aliporudi nyumbani, Kanyiva alimtembelea kila Jumanne, na Mumbua alikuja wakati wa kumwogesha mtoto. Hofu ilipungua. Haikuisha.

Asubuhi moja, mwezi wa pili tangu Ubah atoke hospitalini, Kanyiva aliinua macho mezani kwake ofisini, akamwona Ubah mlangoni, peke yake, akihema. Akauliza mtoto yuko wapi.

"Kwa baba yake," Ubah alisema. "Lile wazo limerudi. Nimemwambia Gabow, nikampa mtoto, nikaja."

Kanyiva akamvutia kiti.