Namba ya Ubavuni

Kuku walikuwa wameshafungiwa bafuni, na aliyetaka kuoga siku hiyo alijua ataoga mbele ya hadhara. Redio ilisema kimbunga kitatufikia kabla jua halijazama. Baba Watoto, fundi wa kuchomelea, alikuwa juu ya ngazi akigongelea mbao madirishani, na kila msumari niliusikia kwenye meno. Mimi sikukaa. Nilijaza madumu maji, nikaviringisha godoro, nikalikunjua tena kutafuta ufunguo ambao kumbe nilikuwa nao mkononi.

Mama mkwe alikuwa uani, amekalia furushi lake, akituangalia kama msimamizi wa vibarua.

"Na ng'ombe?" aliuliza.

Ng'ombe tulikuwa naye mmoja tu, tena mwenye mimba kubwa. Mwaka aliokosa kazi Baba Watoto, maziwa yake ndiyo yaliyotuvusha.

"Tunamfungua, mama," nikamjibu. "Bwana mifugo kasema banda likimwangukia hatoki."

"Ng'ombe wa kufunguliwa ni ng'ombe wa jirani."

"Ndiyo maana tunamwandika namba ya simu ubavuni," Baba Watoto alisema kutoka juu. "Ila si ya kwetu. Umeme ukikatika simu zetu zote zitazima. Iwe ya mtu aliye mbali, ambako upepo haufiki."

Wakanitazama wote wawili. Mtu wa mbali tulikuwa naye mmoja, dada yangu, na tangu tumzike mama hatukuwa tumesemezana. Alibeba cherehani ya marehemu kabla hata wageni hawajaondoka. Mimi niliuguza, yeye akabeba. Bado inaniuma, sifichi.

"Andika ya fundi mwenzako," nikasema.

"Yule anakaa mtaa wa pili! Akipeperushwa, atapokelea simu angani?"

Nikawahamishia mbuzi jikoni, nikaona jiko halina ukuta wa maana, nikawahamishia sebuleni. Mbwa alinifuata kila hatua, akinikanyaga visigino. Kwa jirani bati moja lilikuwa limeanza kupiga, likitulia, likipiga tena, na ng'ombe bandani akawa anavuta kamba.

"Hasira hasara, mwanangu," mama mkwe alisema. "Ng'ombe hajagombana na mtu."

Nikapiga. Iliita sana, nami niliomba asipokee.

"Nani mwenzangu?"

Kumbe namba yangu alishaifuta. Nilisikia uchungu, kwa sababu ya kwake mimi naijua kwa kichwa.

"Ni mimi. Kimbunga kinakuja. Nataka kumwandika ng'ombe namba yako, akiokotwa wakupigie. Ni hilo tu."

Nyuma yake cherehani ilikuwa inakwenda. Ikasimama.

"Mwandike," akasema.

Baba Watoto akachora tarakimu kubwa kwa rangi nyeupe ya mafuta, ng'ombe akitikisa ngozi kama anayefukuza nzi. Tukafungua kamba. Alisimama mlangoni, akageuka kututazama, kisha akaenda zake upande wa mlimani, tumbo likiyumba. Mama mkwe akalia bila kujificha.

Simu ilikuwa bado sikioni.

"Ameshatoka?"

"Ametoka."

"Na wewe je?"

"Sisi tunakwenda shuleni, kwenye jengo la ghorofa."

"Sijauliza unakwenda wapi, mdogo wangu. Nauliza wewe umeandikwa wapi. Wakikuokota wewe, watampigia nani?"

Nilitaka kumjibu vibaya. Jibu lilikuwa tayari mdomoni, kali kama nilivyolizoea, lakini machozi yakanitangulia. Baba Watoto alikuwa ameinama akitafuta kifuniko cha kopo la rangi. Nikamgusa bega, nikapandisha mkono wa blauzi hadi juu na kumnyooshea mkono mtupu.

"Nitajie hiyo namba, dada," nikamwambia. "Polepole."